Mwaka wa Jini Bubu

Mwezi uliopita nilikwenda Mbagala kumzika Bi Hidaya, fundi wa kupunga mashetani ambaye Temeke nzima ilimjua. Nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, mtu mzima mwenye wajukuu na kisukari, nakunywa chai yangu ya tangawizi isiyo na sukari, mara nasikia mama mmoja nyuma yangu anamnong'oneza binti yake, "Unamwona yule mwenye miwani? Ndo yule aliyekuwaga na jini bubu." Yule binti akanikodolea macho, anangoja jini litoke puani mwangu. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote. Nusu ya watu waliokaa kwenye mkeka ule ni mimi niliyewafundisha kuandika majina yao, na hakuna hata mmoja aliyesema, yule ni mwalimu wangu. Wanachokumbuka ni jini. Nilimeza chai, nikameza na hasira, maana msibani si mahali pa kugombana. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa bado nimevimba, nikaona heri niandike mwenyewe habari za mwaka ule, kwa sababu nikiwaachia wao nitakufa na jini na nitazikwa nalo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Baba alikufa. Alilala miezi mingi katika chumba cha uani, chumba chenye dirisha dogo lililotazama choo cha jirani, na mimi ndiye niliyemwuguza. Nilimwogesha, nilimgeuza ubavu, nilimlisha uji kwa kijiko, nilifua mashuka yake. Mama hakuweza. Alikuja na bakuli la uji mpaka mlangoni, akanikabidhi, akamtazama mumewe mara moja, kisha akarudi jikoni, na huko jikoni nikamsikia analia peke yake huku anatwanga kitu ambacho hakikuhitaji kutwangwa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Baba alipokata roho, asubuhi moja baada ya mvua, nyumba ilijaa watu na vilio, na mimi nikaenda stoo, nikajilaza juu ya magunia ya mkaa, nikalala fofofo. Nililala wakati maiti inaoshwa, na nililala wakati jeneza linatoka. Wakaja wanawake kuchukua mkaa wa kupikia wali wa msiba, wakanikuta nakoroma. Hapo ndipo yalipoanzia yote haya.

Siku za matanga nilikuwa napita na sinia za chai, na kila nilipotokea mazungumzo yalikatika, halafu nikigeuka tu nayasikia yanaendelea. "Mtoto wa kumzaa huyo? Hata chozi!" "Mie nimelia kuliko yeye, na marehemu tulikuwa hata hatusalimiani." Mama aliyasikia. Tangu siku zile akawa hanitazami usoni. Alinipa chakula akiangalia sahani, akanituma dukani akiangalia mlango. Mpaka Mama Mkubwa Tatu, dada yake tumbo moja, akaja kutoka Kinondoni na mkoba wake na maoni yake, akanikagua kama anayenunua kuku, akatoa hukumu. "Huyu si bure. Huyu kafungwa. Kuna kitu kimemkalia moyoni, ndo kinamzuia." Nilimwona Mama anashusha pumzi ndefu. Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Sasa naelewa vizuri mno: mtoto mwenye jini anatibiwa, lakini mtoto mwenye moyo wa jiwe utampeleka wapi?

Msidhani nilikokotwa. Hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka, kwamba nilikwenda mbiombio kwa miguu yangu. Niliamini. Niliona wenzangu wote wana kitu ndani yao kinachowapandisha na kuwashusha, wanalia kwenye dhikri, wanatetemeka kwenye dua, na mimi ndani yangu pakavu, nyumba ambayo mafundi wa umeme wameiruka. Nikataka na mimi niunganishwe. Mzee mmoja wa Kimbiji akaniandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, nikanywa asubuhi na jioni mpaka ulimi ukawa wa manjano. Sikupata kitu zaidi ya kiungulia. Kila Alhamisi nikawa nakwenda dhikri ya akina mama, nakaa katikati yao, nafumba macho, kisha nafumbua moja kidogo nione wenzangu wanaanzaje. Wanaanza kwa kuyumba. Na mimi nikayumba, nikayumba mpaka shingo ikakaza, na kilichonijia ni njaa. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia Mungu kwa namna ambayo sikuthubutu kumwambia mtu. Nilisema moyoni, unawaliza wote hawa, wengine hata sala hawazijui, na mimi hata salamu hunipi?

Mpangaji wetu Mama Upendo, mlokole kutoka Iringa, alinihurumia kwa dhati. Siku moja Mama alipolala mchana akanivuta mkono. "Twende Zuhura. Yesu hana ubaguzi." Nikaenda naye mkutano wa injili kwenye uwanja wa Tandika, nimejitanda ushungi wangu na yote, nikapangwa mstari. Mhubiri alipita anagusa watu vipaji vya nyuso, nao wanaanguka mmoja baada ya mwingine, na nyuma yao wamesimama wadakaji wa kuwapokea. Akanifikia, akanigusa. Nikasimama. Akanisukuma. Nikarudi hatua moja, nikasema, "Samahani." Mdakaji wangu, mwanamume wa makamo aliyelowa jasho mpaka kwenye tai, akaniinamia sikioni, kwa adabu kabisa, akasema, "Sista, anguka basi, foleni ndefu." Nisingekataa kuanguka! Nilikuwa tayari kuanguka kwa yeyote, kwa dini yoyote. Magoti ndiyo yaliyokataa. Tuliporudi Mama Upendo alininunulia muhogo wa kukaanga, tukala, na hakuniambia tena habari za wokovu.

Mama alipotoka eda, Mama Mkubwa Tatu akamleta Bi Hidaya. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki, na lazima niseme ukweli kwamba alikuwa mtu mwema. Alitandika shuka jeupe sebuleni, akanikalisha, akafukiza buhuri, akaniuliza maswali kichwani, yaani aliuliza utosi wangu si mimi. Aliuliza kwa Kiswahili, akauliza kwa Kiarabu chake, akauliza kwa lugha ambayo nadhani aliibuni pale pale. Hakuna aliyejibu. Akanywa maji, akawageukia Mama na dada yake.

"Lipo," akasema. "Ruhani safi kabisa. Ila bubu."

"Bubu?" akauliza Mama Mkubwa Tatu.

"Kwani binadamu mabubu hawapo? Basi na majini wapo."

Tangu siku hiyo mpaka leo sijapata jibu la hoja ile. Ukisema huna jini, ni lenyewe linajikanusha. Ukinyamaza, ndiyo kabisa, si ni bubu? Nilifundisha hesabu miaka mingi na sijaona fumbo lililofungwa pande zote namna ile. Na ubaya wake ni kwamba niliposikia neno lile nilifurahi. Nilifurahi! Niliona angalau ukavu wangu umepata jina. Nikaanza kulitafuta hilo bubu langu kwa bidii ambayo ningeipeleka kwenye masomo ningekuwa daktari. Nilikaa kitandani baada ya adhuhuri, mlango nimefunga, nasikiliza ndani yangu. Nilisikia redio ya jirani, nikasikia Mama anakohoa, nikasikia tumbo langu. Chini ya hayo yote palikuwa kimya. Nilikiogopa kimya kile kuliko ambavyo ningeogopa jini lenyewe, nikakisemesha, nikakibembeleza, nikakiahidi ubani. Hakikunijibu.

Nyumbani utaratibu ulibadilika. Pweza akapigwa marufuku kwa sababu ruhani hapendi vitu vya baharini visivyo na magamba, na mimi pweza nampenda mpaka leo. Ijumaa hapakaangwi kitu. Chakula changu kikawa kinawekwa peke yake, katika bakuli la udongo lililofunikwa kwa kawa, na Mama analiweka mbele yangu kwa mikono miwili halafu anarudi nyuma. Hakunituma tena dukani, hakunifokea nikisahau kuanika vyombo. Hakuniita jina langu, maana hajui nani ataitika. Mama Mkubwa Tatu aliona hayo ni maendeleo. "Si unaona mamako sasa ana amani?" akaniambia. Mimi nilichoona ni kwamba Baba nimeshampoteza na sasa Mama naye anaondoka, taratibu, kwa adabu, akiniachia bakuli la kawa. Niliutaka uso wake. Nilitaka anitazame, hata kwa hasira, hata aniulize kile ambacho wanawake wote wa mtaa walikuwa wanaulizana, kwa nini hukumlilia baba yako. Hakuuliza, kwa sababu jibu alikuwa ameshapewa na Bi Hidaya.

Ikapangwa ngoma ya kulifungua ulimi. Kwa kawaida ngoma zile hupigwa usiku, lakini Bi Hidaya alikuwa anaogopa vibaka wa njiani, kwa hiyo jini langu likaitwa baada ya alasiri, jua linawaka, watoto wanacheza mpira nje ya ukuta. Wanawake walijaa uani. Kulikuwa na sinia kubwa la mayai, ndizi, halua, mkate wa kumimina na chupa ya marashi. Mimi, kwa lugha yao, nilikuwa kiti, maana mtu anayekaliwa na shetani huitwa hivyo, nikawekwa juu ya kigoda, nikafunikwa shuka jeupe gubigubi pamoja na chetezo cha buhuri. Moshi uliniingia mpaka kwenye ubongo. Ngoma zikalia, nyimbo zikapanda, na wakaanza kupandisha wengine, wasiohusika. Mama Mkubwa Tatu alipandisha wa kwanza, kama kawaida yake. Jini lake ni Mwarabu, na kila likija linaagiza sharubati na kumsema Mama kwamba pilau yake haina samli ya kutosha. Nilimsikia analisema hilo hata siku ile. Mimi nilikohoa.

"Wewe nani?" Bi Hidaya akaniinamia. "Taja jina. Nani wewe?"

Ngoma zikalia zaidi. Nikafinywa, nikanyunyiziwa marashi, nikatikiswa mabega. "Wewe nani?" Na nilijua la kufanya. Nani aliyekulia Temeke asijue? Unakoroma, unakaza sauti, unachomeka maneno mawili matatu ya Kiarabu, unaagiza pete ya fedha na kitambaa cheupe, watu wanapiga vigelegele na kwenda nyumbani kupika. Ningeweza kumpa Mama jini lake pale pale. Nikakusanya sauti kooni. Mara nikaona, chini ya ukingo wa shuka, miguu ya Mama inakuja, kisha magoti yake yanatua kwenye mchanga.

"Sema, mwanangu," akasema. "Chochote. Sema tu."

Mwanangu. Miezi yote ile sikuwa nimelisikia neno hilo. Ile sauti ya uongo niliyokuwa nimeikusanya ikaniishia.

"Hakuna mtu humu, Mama," nikasema. "Ni mimi tu."

Ngoma zikanyamaza. Nje ya ukuta watoto walikuwa wanabishania goli. Halafu Bi Hidaya akatoa ukelele uliowatoa kunguru juu ya paa. "Limesemaaa!"

Vigelegele! Wanawake wakakumbatiana. Nikapiga kelele chini ya shuka, "Halijasema! Ni mimi! Zuhura!"

"Linajiita Zuhura!" Bi Hidaya akatangaza. "Limechukua jina la kiti chake!"

"Bi Hidaya, si unanijua? Si juzi nimekuja kwako kuazima kinu?"

"Na mambo ya nyumbani linayajua!"

"Mmh, jini hili lina akili," akasema mmoja.

"Unataka nini, Mkubwa?" Bi Hidaya akauliza kwa unyenyekevu. "Sema tukupe."

"Nataka mnitoe hili shuka nipate hewa!"

Pakawa na kimya cha heshima. "Ruhani wa upepo," Bi Hidaya akasema polepole, na wote wakaitikia, "Aaa."

Basi nikakata tamaa. Na hapa nataka nieleweke, kwa sababu kuna vijana siku hizi wananiuliza, Mwalimu, uliachaje kuamini, wakidhani nitawaambia kwamba radi ilipiga. Hakuna radi. Nilichoka. Nilichoka kuyumba, kunywa zafarani, kuchungulia kwa jicho moja, kumsubiri mgeni ambaye watu wote wanamjua isipokuwa mwenye nyumba. Nilikaa chini ya shuka lile, machozi ya moshi yananitoka, nikaacha kusubiri. Kile kimya nilichokiogopa kilikuwa bado kipo, hakijasogea, ila sasa nilitambua kwamba kilipoulizwa, kimejibu, na kimejibu kwa sauti yangu ya kila siku. Hakikuwa na kasoro. Hakikuhitaji kufunguliwa. Nilijisikia mwepesi mpaka nikataka kucheka, na nikacheka kweli, nao wakafurahi kwamba jini limeridhika na halua. Naswali mpaka leo, wanaotaka kujua na wajue. Ninachokiacha nje pamoja na viatu ni ile tabia ya kuvizia kama nitatetemeka.

Lakini hayo yalikuwa yangu. Ya Mama yalikuwa hayajaisha.

Asubuhi yake niliwasha jiko la mkaa uani, nikabandika sufuria ya chai. Mama akatokea mlangoni. Alikuwa amejitanda kanga mpya, na alikuwa ananitazama usoni, mara ya kwanza tangu msiba. Moyo ukaniruka kwa furaha. Akaja mpaka mbele yangu, akakunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo."

Mama yangu mzazi. Ananiamkia mimi, niliyechuchumaa na masizi mikononi. Sijui niandike nini ili mtu asikie nilivyosikia. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na mama hawezi kumpa mtoto wake labda awe amekwisha kubali kwamba mtoto hayupo. Jibu lake ni neno moja, na nyumba ingetulia. Ningekuwa mkubwa mle ndani, nikala kwenye bakuli la kawa maisha yangu yote, bila kufokewa, bila kutumwa, bila kuguswa. Sikuitikia.

"Mkubwa," Mama akasema, "jana mlikubali kusema. Basi niambieni. Mwanangu kwa nini hakumlilia baba yake? Ni nyie mlimzuia?"

Alitaka niseme ndiyo. Sijawahi kumwona mtu anataka neno namna ile.

"Hakuna aliyemzuia," nikasema. "Alikuwa amechoka. Alimwogesha miezi yote ile, akamgeuza, akawa anamsikia anaomba afe. Ilipotokea..." Hapo nikashindwa kuendelea kujisema kama mtu mwingine. "Ilipotokea nilishukuru, Mama. Nilishukuru Baba kapumzika, na mimi nimepumzika. Halafu nikalala. Ni hivyo tu. Hamna mwingine humu."

Nikapiga magoti pale pale kwenye majivu.

"Shikamoo, Mama."

Shikamoo mbili zikawa zimesimama kati yetu, hakuna iliyojibiwa. Mama alitazama mikono yangu, akatazama magoti yangu, na nikaona sura yake inachakaa, kwa sababu jini lilikuwa linamtoka yeye, na alichokuwa anabakiwa nacho ni mtoto aliyeshukuru baba yake alipokufa. Nilijua anaweza kugeuka akarudi ndani, na akirudi sitampata tena. Sikusema neno la kumsaidia. Nyuma yangu sufuria ikafurika, chai ikamwagikia mkaa, moshi na majivu vikaturukia wote wawili.

"Marahaba," akasema Mama.

Kisha akafuta kamasi kwa pindo la kanga mpya, na sauti yake, ile yenyewe, ikapanda mpaka kwa Mama Upendo. "We Zuhura! Moto unazimika na wewe umepiga magoti tu hapo! Mtoto gani wewe? Epua!"

Nikaepua, na yeye akaendelea kunifokea mpaka tukamaliza kunywa.